Wi-Fi imegoma baada ya kuweka Debian: je, draiva za Windows zitasaidia?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina laptopu ya mtumba, ya mwaka 2014 hivi, niliyoinunua Kariakoo. Microsoft walipositisha masasisho ya Windows 10 niliamua kuhamia Debian 12, ambayo ni mfumo wa Linux. Imeingia vizuri na mashine imekuwa nyepesi, ila Wi-Fi haionekani kabisa, na draiva ya NVIDIA inasema haiitambui kadi yangu ya skrini. Draiva zote za Windows ninazo kwenye fleshi. Siwezi kutumia hizo hizo? Rafiki yangu ananiambia kuna mfumo huria uitwao ReactOS unaopokea draiva za Windows. Halafu nikiweka draiva ya kampuni ndani ya Debian, mfumo wangu utabaki kuwa huria? Na printa yangu ya ofisini, HP LaserJet P1102, nayo imegoma. Amri ya `lspci -nn` inaonyesha Broadcom BCM43142 [14e4:4365] na GeForce 820M. Msomaji, Morogoro.

Jibu: Salama, ndugu yangu, na asante kwa kuleta ile namba iliyo kwenye mabano. Mtu akiniambia tu kwamba Wi-Fi haishiki, sina pa kuanzia. Akiniletea `14e4:4365` najua papo hapo kwamba mtengenezaji ni Broadcom na chipu ni BCM43142, na karibu kila kitu kingine kinafuata kutokana na hapo.

Kwa kifupi: draiva za Windows ziache kwenye fleshi. Wi-Fi unaweza kuiwasha leo kwa draiva ambayo Broadcom wenyewe waliitengenezea Linux, lakini itumie kama daraja tu, kisha ubadilishe kadi ya Wi-Fi. NVIDIA usihangaike nayo. Sasa nieleze sababu, kwa kuwa zitakufaa hata siku utakaponunua mashine nyingine.

Draiva haifanani na programu ya kawaida kama kivinjari. Draiva, yaani programu inayokiendesha kifaa, inaishi ndani ya kerneli, kiini cha mfumo, na kila inachofanya inakifanya kwa kuita kazi za kerneli ile iliyoandikiwa: nipe kipande cha kumbukumbu, nijulishe kifaa kikituma ishara, pokea pakiti hii ya mtandao uipeleke juu. Draiva ya Wi-Fi ya Windows, lile faili lenye mwisho wa `.sys`, inaita kazi za mfumo wa Microsoft wa kuhudumia kadi za mtandao, uitwao NDIS. Ndani ya Linux kazi hizo hazipo. Kwa hiyo hata ukilinakili faili lile mahali sahihi, halina wa kuzungumza naye.

Kuna waliojaribu kuziba pengo hilo. Programu iitwayo ndiswrapper ilikuwa inaigiza NDIS ndani ya Linux ili draiva ya Windows XP idhani iko nyumbani, na wenzetu wa FreeBSD, mfumo mwingine huria, walikuwa na yao, NDISulator. Zama zile zilisaidia watu wengi kwelikweli. Lakini Microsoft walipotoa Windows Vista walibadilisha NDIS kuingia toleo la 6, na waigizaji hawa walibaki na ulimwengu wa XP. FreeBSD waliiondoa ya kwao kabisa katika toleo la 13. Ukikuta maelekezo mtandaoni yanayokuambia utumie ndiswrapper kwa draiva ya Windows 10, jua yameandikwa na mtu ambaye hajayajaribu.

ReactOS ni jambo jingine, na ninaiheshimu. Ni mradi wa kujenga upya, kwa msimbo huria, mfumo unaofanya kazi kama Windows NT. Chanzo chake ni mwaka 1996, na tangu 1998 unaitwa ReactOS. Rafiki yako hajakosea: lengo lake ni kupokea programu na draiva za Windows jinsi zilivyo, na zipo draiva za enzi ya XP zinazokubali. Tatizo ni kwamba Windows inayoigwa ni ya kizazi cha Windows Server 2003, wakati draiva ulizonazo wewe, za kadi ya skrini na za Wi-Fi, zimeandikwa kwa utaratibu ulioanza na Vista na kuendelea. Na waundaji wenyewe wanasema wazi kwamba bado iko katika hatua ya alfa, yaani ya majaribio ya mwanzo, si ya kufanyia kazi za kila siku. Ijaribu ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, ukipenda kujifunza. Nyaraka za ofisi usiziweke humo.

Kuna sababu nyingine ya kutopendelea njia hiyo, na kwangu ina uzito zaidi: draiva iliyofungwa, yaani ile ambayo kampuni haitoi msimbo wake, inabaki imefungwa hata ikipokewa na mfumo huria. Ikiwa na kasoro, hakuna mtu upande wako anayeweza kuirekebisha. Tutaliona hilo kwenye Broadcom sasa hivi.

Pengine umejiuliza kwa nini Wi-Fi haikushika wakati Debian 12 inasifiwa kwamba inakuja na kila kitu. Hapa watu wengi wanachanganya vitu viwili. Kimoja ni programu dhibiti, yaani msimbo unaopakiwa ndani ya chipu yenyewe na kufanya kazi huko huko. Kingine ni draiva, ambayo inafanya kazi ndani ya kerneli yako, kwenye prosesa yako, ikiwa na ruhusa ya kugusa kumbukumbu yote. Kadi za Wi-Fi za Intel, kwa mfano, zina draiva huria kabisa, `iwlwifi`, ila zinahitaji programu dhibiti iliyofungwa. Kwa miaka mingi Debian haikuweka programu dhibiti za namna hiyo kwenye diski yake rasmi, na watu waliweka mfumo wakajikuta hawana mtandao wa kupakulia kile kitakachowapa mtandao. Oktoba 2022 wanachama wa Debian walipiga kura kuruhusu ziwemo, na Debian 12 ilipotoka Juni 10, 2023 ilikuja nazo, katika sehemu mpya ya hifadhi iitwayo `non-free-firmware`.

Chipu yako haimo katika kundi hilo. BCM43142 haina draiva huria: `b43`, ambayo wajitolea waliiandika kwa kuchunguza tabia ya chipu za Broadcom bila msaada wa kampuni, haiifikii, na `brcmsmac`, iliyotokana na msimbo ambao Broadcom waliufungua mwaka 2010, nayo haiifikii. Kinachobaki ni draiva iitwayo `wl`, ambayo imefungwa, na Debian inaihifadhi katika `non-free`, sehemu ambayo kisakinishi hakiiwashi chenyewe. Ndiyo maana ulikosa.

Kuiwasha si kazi kubwa. Chukua simu yako, iunganishe na laptopu kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kupitia USB. Debian itaiona simu kama kadi ya mtandao bila kuhitaji draiva yoyote ya ziada. Fungua `/etc/apt/sources.list` na uhakikishe mistari yako inaishia na `main contrib non-free non-free-firmware`. Kisha:

`sudo apt update`
`sudo apt install linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms`

Usiruke `linux-headers-amd64`. Draiva hii inakuja vipande viwili: kipande kilichofungwa, ambacho Broadcom walishakipika, yaani walishakigeuza kuwa faili linaloendeshwa na mashine, na kipande cha msimbo wazi kinachokiunganisha na kerneli yako. Hicho cha pili kinapikwa upya hapo hapo kwenye mashine yako kila kerneli inapobadilika, na bila vichwa vya kerneli hakipikiki. Ukimaliza, zima na uwashe.

Kama laptopu ina Secure Boot, ulinzi unaokagua sahihi za programu mashine inapowaka, na imewashwa, utakutana na ujumbe wa `Key was rejected by service`. Maana yake kerneli imekataa moduli (kipande cha msimbo kinachopakiwa ndani yake) isiyo na sahihi inayotambulika. Debian 12 inatengeneza ufunguo wake ndani ya `/var/lib/dkms/`. Andika `sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub`, itakuomba uweke nywila ya muda, washa upya, na kwenye ile skrini ya buluu chagua kusajili ufunguo, uingize nywila ile ile. Wengi wanaizima Secure Boot ili wapumzike. Mimi nakushauri usajili ufunguo, ni dakika chache tu.

Wi-Fi ikishawaka, fanya jambo moja kabla hujafurahi. Andika `sudo dmesg | grep wl` na utafute mstari huu:

`wl: module license 'MIXED/Proprietary' taints kernel.`

Halafu andika `cat /proc/sys/kernel/tainted`. Kerneli iliyo safi inajibu 0. Yako itajibu 4097, au 12289 ikiwa moduli haina sahihi inayokubalika. Namba hiyo ni jumla ya alama: 1 ni kwa sababu kuna moduli isiyo huria, 4096 kwa sababu imetoka nje ya msimbo mkuu wa Linux, na 8192 kwa kukosa sahihi. Alama hizo ni taarifa kwa watunzaji wa kerneli. Mashine ikiganda ukawapelekea ripoti, jambo la kwanza watakalokuomba ni uondoe moduli ile kisha ujaribu tena, maana ndani ya kerneli kuna msimbo ambao wao hawawezi kuusoma na unaoweza kuandika popote kwenye kumbukumbu. Wana haki. Fundi hawezi kuwajibikia kitu alichokatazwa kukifungua.

Sasa sikiliza kwa nini nakwambia ni daraja tu. Toleo la mwisho la `wl` ambalo Broadcom walilitoa hadharani kwa Linux ni 6.30.223.271, la mwaka 2015. Tangu hapo kerneli imebadilika mara nyingi sana. Linux inaahidi kutovunja programu za watumiaji, na ahadi hiyo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, anaisimamia kwa ukali, lakini kwa draiva hakuna ahadi kama hiyo. Kazi za ndani hubadilishwa majina, hufutwa, hupangwa upya. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu, ameandika waraka uliomo ndani ya msimbo wa Linux wenyewe akieleza kwamba huo ni uamuzi wa makusudi: mtu anayebadilisha kazi ya ndani analazimika kurekebisha kila draiva inayoitumia, mradi draiva hiyo imo ndani ya msimbo mkuu. Draiva ikiwa ndani, inahama pamoja na nyumba. Ikiwa nje, imebaki barabarani.

Chukua mfano wa kerneli 4.15 ya Januari 2018. Namna ya kuandaa vipima muda ilibadilishwa kote. Draiva zilizomo ndani zilirekebishwa na watu waliofanya mabadiliko yale, na wenye kadi hizo hawakujua hata kama kuna kilichotokea. Kwa `wl` ilibidi wajitolea wa distro (mifumo ya Linux kama Debian) waandike kiraka cha kukifanya kile kipande cha wazi kipikike tena. Viraka vya namna hiyo vimerundikana, kimoja baada ya kingine, juu ya kitu cha 2015. Wi-Fi yako itategemea watu ambao hawana msimbo kamili, hawalipwi kwa kazi hiyo, na hawaruhusiwi kuona kilichomo ndani ya kipande kikuu. Nawashukuru kwa moyo wote. Lakini wao wenyewe hawawezi kukuhakikishia kwamba kerneli ijayo itakubali.

Na kuna usalama. Aprili 2019 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliokuta matundu katika draiva za Broadcom, ndani ya familia ya `wl` na pia ndani ya `brcmfmac`, ambayo ni huria na inahudumia chipu nyingine za kampuni hiyo hiyo. Matundu ya `brcmfmac` yalizibwa hadharani ndani ya kerneli, na yeyote mwenye kusoma lugha ya programu ya C aliweza kuona nini kilirekebishwa na wapi. Ile `wl` unayoipata kwenye Debian bado ni ya 2015. Sisemi kwamba laptopu yako imevamiwa. Nasema kwamba hakuna mtu wa kukujibu swali hilo isipokuwa kampuni, na kampuni ilishaondoka.

Kwa hiyo badilisha kadi. Laptopu za umri huo nyingi zina kadi ya Wi-Fi iliyofungwa kwa skrubu moja au mbili chini ya kifuniko, ama Mini PCIe nusu saizi ama M.2. Zima mashine, toa betri, fungua kifuniko, uone waya mbili nyembamba, mara nyingi moja nyeusi na moja nyeupe, zilizobanwa juu ya kadi. Hizo ni antena. Zing'oe kwa kuzinyanyua wima kwa ukucha, usizivute kwa pembeni, maana kile kichwa chake kikikatika ni kazi kukitengeneza. Piga picha kabla ya kuzitoa ili ujue ipi ilikuwa wapi.

Kadi ya kutafuta kwa mafundi wanaouza vipuri vya laptopu zilizokufa ni Intel 7260, ambayo ipo kwa maumbo yote mawili, au kadi za zamani za Atheros zinazotumia `ath9k`, mfano AR9285. Intel itahitaji programu dhibiti, ambayo Debian 12 inayo tayari. Ile ya Atheros haihitaji hata hiyo: Atheros waliitoa `ath9k` kama msimbo huria mwaka 2008, na hadi leo inafanya kazi bila mtu kupakua chochote. Kasi yake ni ndogo, na AR9285 inashika masafa ya 2.4 GHz peke yake, lakini kwa bando letu la kawaida hutaona tofauti kubwa. Kabla ya kulipa, uliza kama BIOS, ile programu inayoiwasha laptopu yako, inazuia kadi ngeni. Baadhi ya watengenezaji waliweka orodha ya kadi zinazoruhusiwa, na ukiweka nyingine mashine inakataa kuwaka. Ikiwa ni hivyo, nunua kadi ya USB yenye chipu ya AR9271. Draiva yake ni huria, na tangu 2013 hata programu dhibiti yake ni huria, jambo ambalo ni nadra mno katika Wi-Fi.

NVIDIA nitapita haraka. GeForce 820M ni ya kizazi cha Fermi. Draiva ya mwisho ya NVIDIA inayokitambua kizazi hicho ni tawi la 390, na kampuni iliacha kulihudumia mwishoni mwa 2022. Debian 12 ina tawi la 535, ndiyo maana linakuambia halijui kadi yako. Usitafute 390 ya kulazimisha. Kwenye laptopu yako skrini inaendeshwa na chipu ya Intel iliyomo ndani ya prosesa, na draiva yake ni huria na imekomaa. NVIDIA ni msaidizi wa pembeni, na kwa huyo ipo `nouveau`, draiva huria iliyoingia kwenye Linux 2.6.33 mwaka 2010 baada ya wajitolea kuichunguza kadi bila nyaraka. Kwa kuandika, kutazama video na kazi za ofisi hutakosa kitu. Utasikia kwamba NVIDIA walifungua moduli zao za kerneli mwezi Mei 2022. Ni kweli, na ni hatua nzuri, lakini zinaanzia kadi za Turing za mwaka 2018. Ukinunua mashine nyingine ya mtumba kwa ajili ya Linux, chukua yenye michoro ya Intel au AMD. AMD walianza kutoa nyaraka za kadi zao mwaka 2007, na matunda yake yanaonekana.

Umeuliza kama mfumo utabaki huria. Nakujibu bila kuzunguka: ukiwa na `wl` ndani, hapana, si wote. Uhuru wa programu, kama Richard Stallman alivyoueleza tangu aanzishe mradi wa GNU mwaka 1983, ni kuitumia kwa lolote, kuisoma na kuibadilisha, kuigawa, na kugawa uliyoyabadilisha. `wl` inakunyima kuisoma na kuibadilisha, tena katika mahali pa hatari kuliko pote. Taasisi ya Stallman, Free Software Foundation, haiiidhinishi hata Debian yenyewe kwa sababu inahifadhi vitu kama hivi; inaidhinisha mifumo kama Trisquel, ambayo inatumia kerneli iliyosafishwa. Ningependa siku moja utumie Trisquel. Lakini ukiiweka leo kwenye laptopu hii, Wi-Fi haitawaka kabisa, na mtu asiye na mtandao hurudi Windows kabla wiki haijaisha, huko ambako karibu kila kitu kimefungwa. Moduli moja iliyofungwa unayoijua kwa jina, ukijua na siku utakayoitoa, ni hali nafuu kuliko hiyo. Kosa ni kuisahau humo. Siku kadi mpya inapoingia, andika `sudo apt purge broadcom-sta-dkms`, washa upya, na uangalie tena ile namba ya `tainted`.

Printa sasa. P1102 inaendeshwa na HPLIP, programu ambayo HP wenyewe wanaitoa kama huria, ila modeli hii inahitaji nyongeza iliyofungwa. Weka `hplip`, kisha andika `hp-plugin` ukiwa na mtandao, ukubali leseni, halafu `hp-setup`. Nyongeza hiyo lazima iwe ya toleo lile lile la HPLIP. Kwa hiyo siku utakapopandisha Debian kwenda toleo jingine na printa ikanyamaza ghafla, usinunue katriji mpya wala usimwite fundi. Rudia `hp-plugin` kwanza. Na ofisi ikifika wakati wa kununua nyingine, ulizeni dukani kama inakubali AirPrint au IPP Everywhere. Printa za namna hiyo CUPS, mfumo wa uchapishaji wa Debian, inazungumza nazo moja kwa moja, bila draiva ya kampuni yoyote.